Mshono Usiopitisha Maji

Sindano ikitoboa ngozi zote mbili za buti, maji yatapata njia. Mguu uliolowa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri huganda kabla mwindaji hajafika nyumbani. Kwa hiyo wanawake wa Kiinuit, kaskazini mwa Kanada, hushona buti za ngozi ya sili kwa namna ambayo cherehani haiiwezi. Sindano hupita katika ngozi ya kwanza, lakini katika ngozi ya pili huzama nusu ya unene tu, kisha hurudi juu. Kazi hugeuzwa, upindo hulazwa, na mstari wa pili hushonwa kutoka upande mwingine kwa mtindo uleule. Hakuna tundu linalopenya moja kwa moja. Uzi wake ni kano ya mgongo wa karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu aishiye nchi za barafu; kano hiyo ikilowa huvimba na kuziba hata kile kijitundu chembamba ilichopitia.

Muuguzi mmoja mzaliwa wa Lamu alijifunza mshono huo akiwa mtu mzima, mjini Iqaluit, alikokwenda kufanya kazi ya hospitali. Sindano hakuwa mgeni nayo. Nyumba aliyokulia ilikuwa ya washona kofia: mama yake, shangazi zake na dada zake walidarizi kofia za viua, zile ambazo kila kitundu hutobolewa, kikazungushiwa uzi na kuachwa wazi ili kichwa kipate hewa. Tangu utotoni alipima ufundi wa mshonaji kwa uzuri wa matundu yake. Sasa alikutana na mwanamke ambaye ufundi wake wote ulikuwa kutoacha tundu hata moja.

Watoto wa mtaa mzima humwita mwanamke huyo Anaanatsiaq, yaani nyanya, na muuguzi alimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Bibi alizaliwa kambini, kabla familia yake haijahamia mjini. Aliyewakutanisha ni mjukuu wake, mfanyakazi mwenza wa muuguzi, na huyo ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa kuwa Bibi huzungumza Kiinuktitut na Kiingereza chake ni kile cha kununulia vitu dukani.

Iqaluit ni makao makuu ya Nunavut, eneo lililopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi 7,429 mjini humo. Hakuna barabara inayokwenda mji mwingine. Watu huja kwa ndege, na mizigo mizito husubiri meli wakati wa kiangazi, barafu ya bahari ikishayeyuka. Maduka huuza makoti mazuri ya kiwandani na vijana huyavaa. Hata hivyo, mtu akiaga kwamba anakwenda kuwinda kwenye barafu ya bahari, Bibi humtazama miguuni kwanza.

Bibi hakuanza na somo. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele na mgongo wima, kama walivyokaa washonaji wa Kiinuit tangu zamani, akaendelea na kazi yake. Muuguzi alipewa nafasi pembeni na kikombe cha chai. Alipouliza kwa nini ngozi imekunjwa upande ule na si upande mwingine, Bibi alijibu kwa upole kwamba macho yake yatamweleza, halafu akapunguza mwendo wa sindano ili macho hayo yaone. Jioni ile haikuwa na maelezo mengine.

Hiyo haikuwa tabia ya Bibi peke yake. Mwanaanthropolojia Jean Briggs, aliyeanza kuishi na familia ya Kiinuit mwaka 1963, alikuta kwamba kuuliza "kwa nini" mara kwa mara ni utovu wa adabu. Mtu mwenye akili hutazama, hungoja na hujaribu. Serikali ya Nunavut imeuweka mtindo huo wa kujifunza kwa kutazama, kurudia na kujitahidi miongoni mwa misingi yake rasmi, kwa jina la pilimmaksarniq. Muuguzi, aliyesomeshwa kwa madaftari na mitihani, aliuona ugumu wake. Mwanafunzi wa namna hii hawezi kukariri jibu. Ama mkono unajua, ama haujui, na asiyejua huonekana palepale mbele ya wote waliokaa.

Kabla ya sindano kuna kisu. Ulu ni kisu cha mwanamke: bapa lake ni la nusu duara, na mpini umesimama juu yake katikati, hivyo nguvu ya kiganja hushuka moja kwa moja kwenye makali. Ulu ya Bibi ilikatwa kutoka bapa la msumeno wa zamani. Mpini wake wa pembe ya karibuu umelika mahali vidole vinapokaa, kwanza vidole vya mama yake, kisha vyake. Kwa kisu hichohicho hukata nyama, hupara ngozi na hukata vipande vya buti.

Ngozi mbichi hulazwa juu ya ubao, upande wa mafuta ukiwa juu. Makali yakilala mno hayaondoi kitu. Yakisimama mno hutoboa. Muuguzi aliijua pembe iliyo sahihi kwa masikio. Kisu kikiwa mahali pake hutoa mkwaruzo mororo usiokatika, na shahamu hutoka kwa utepe mrefu mweupe. Sauti ikibadilika, Bibi huinua uso, hata kama alikuwa chumba kingine akipika. Harufu ya mafuta hukaa mikononi siku nzima, na wenyeji hawaionei haya, kwani ni harufu ya chakula: nyama ya sili huyo huliwa, na hugawiwa majirani na jamaa kabla ngozi yake haijaoshwa.

Kisha ngozi husafishwa kwa sabuni ya vyombo mara nyingi, hutobolewa kingoni na kuwambwa kwa kamba kwenye fremu ya mbao. Jua la majira ya kuchipua, siku zinaporefuka na baridi ingali kali, huipausha ngozi iliyoondolewa manyoya mpaka iwe nyeupe. Ikikauka hukakamaa, na hapo ndipo kazi nzito huanza: kuikwangua, kuikanyaga, kuikunja na kuikanda hadi itii mkono.

Soli hutoka kwa sili mwenye ndevu, mnyama mkubwa wa ngozi nene. Ili ishike vidole na kisigino vizuri, ukingo wa soli hufinywa kwa mikunjo midogo iliyopangana, na mikunjo hiyo wazee huiuma kwa meno. Meno ya mbele ya Bibi yamelika kwa kazi hiyo. Sindano husukumwa kwa subana ya ngozi inayovishwa kidole cha shahada. Siku hizi washonaji wengi hutumia uzi mwembamba wa kusafishia meno, ulio imara na unaopatikana dukani, na Bibi naye huutumia kwenye makoti. Kwenye soli haukubali. Uzi huo hauvimbi.

Katika kazi yote hii hakuna futi. Bibi hupima mguu kwa shubiri na kwa jicho. Kila jozi hushonewa mtu anayejulikana kwa jina, na mwendo wake unajulikana: huyu hukanyagia ukingo wa nje, yule ana kisigino kipana. Sehemu nyingi za Aktiki ya Kanada, mapambo ya buti za mwanamume huwa ni mistari ya wima na ya mwanamke ni ya ulalo, hivyo mvaaji hutambulika kwa mbali juu ya theluji.

Mjukuu naye alikuwa akijifunza. Siku moja alimpa Bibi buti aliloona limekamilika. Bibi aliligeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono wa soli, akasimama mahali fulani, kisha akachukua ncha ya ulu na kuufumua mshono wote, tangu kisigino mpaka kidole. Akamrudishia na sindano juu yake. Hakuna aliyesema neno, na msichana akaanza upya. Baadaye, wakati wa chai, muuguzi alimuuliza Bibi kwa nini hakumweleza mtoto kosa lilikuwa wapi. Bibi alisema mtu aliyekaripiwa hukumbuka karipio na kuusahau mshono. Kisha akasimulia juu ya baridi moja ya utotoni mwake, baba yake alipotumbukia kwenye barafu dhaifu hadi magotini, akatoka na kutembea hadi kambini na miguu mikavu. Mama yake alimvua buti, akazitazama, akazitundika, akaendelea kupika.

Simulizi hiyo inaeleza ukali wa Bibi kuliko hotuba yoyote. Anayeshona buti hayupo pale barafu inapopasuka. Ameshamaliza sehemu yake miezi kadhaa nyuma, chumbani, na hakuna atakachoweza kurekebisha.

Ustadi huu ni wa kale sana. Mwaka 1972, huko Qilakitsoq, magharibi mwa Greenland, wawindaji walikuta makaburi yenye maiti zilizokaushwa na baridi: wanawake 6 na watoto 2, waliozikwa karibu na mwaka 1475 pamoja na mavazi ya ngozi, vipande 78 kwa jumla. Muuguzi alimwonyesha Bibi picha za nguo hizo kwenye simu. Bibi alizikuza kwa vidole viwili, akafuata mishono bega hadi bega, akasema aliyeshona alikuwa na sindano nzuri. Aliongea juu ya marehemu huyo kama mshonaji wa nyumba ya pili.

Wageni waliokubali kufundishwa walifika mbali. Roald Amundsen wa Norwei alikaa majira mawili ya baridi, kuanzia 1903, mahali panapoitwa leo Gjoa Haven. Hapo alijifunza kutoka kwa Wainuit wa Netsilik namna ya kuvaa ngozi za karibuu kwa tabaka mbili, manyoya ya ndani yakigusa mwili na ya nje yakitazama upepo. Maarifa hayo alikwenda nayo Ncha ya Kusini, aliyoifikia tarehe 14 Desemba 1911. Vitabu husifu uongozi wake na mbwa wake. Wanawake walioshona na kumwonyesha namna ya kuvaa ni nadra kutajwa kwa majina.

Waafrika na watu wa asili ya Afrika nao wamo katika historia hii, na inafaa wasomaji wetu wawajue. Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri na mpelelezi Robert Peary kwa miaka mingi hadi safari ya 1909 ya kuelekea Ncha ya Kaskazini, alijifunza lugha ya Wainuit wa kaskazini mwa Greenland, akawa stadi wa kuunda sileji na kuendesha mbwa kwa sababu wenyeji walimfunza. Tété-Michel Kpomassie alitoroka Togo akiwa kijana baada ya kusoma kitabu kuhusu Greenland, akasafiri kwa miaka akifanya kazi njiani, na mwaka 1965 akashuka melini kusini mwa kisiwa hicho. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1981 kwa Kifaransa. Muuguzi alikisoma Iqaluit, usiku mrefu wa Desemba, na kilichomgusa ni jinsi kijana yule alivyokubali kuwa mtoto tena: kuvalishwa, kulishwa na kuelekezwa na watu walioijua barafu kuliko yeye.

Bibi alikuwa na dada mdogo. Dada huyo alipokuwa na umri wa kuanza kushika sindano alichukuliwa kupelekwa shule ya bweni, mbali kwa ndege, ambako lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Aliporudi alijua kusoma na kuandika, na hakuweza kuelewana vizuri na mama yake. Kushona hakujifunza kamwe. Historia ya shule hizo imeandikwa kwa kirefu na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyomaliza kazi mwaka 2015, na tarehe 29 Julai 2022 Papa Fransisko alifika Iqaluit kuomba msamaha. Wanaotafuta sababu ya vijana wengi kutojua ulu wasiseme tu kwamba usasa umewavuta. Elimu inayopita kutoka macho ya mama kwenda mikono ya binti huhitaji wawili hao wakae chumba kimoja kwa miaka, na miaka hiyo ilichukuliwa.

Halafu likaja pigo la soko. Mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku ngozi za watoto weupe wa sili baada ya kampeni kubwa za watetezi wa wanyama. Wainuit hawakuwa wakiwinda watoto hao. Wao huwinda zaidi aina ya sili wa umbo dogo aishiye barafuni, ambaye ni chakula chao. Lakini mnunuzi wa Paris hakutofautisha sili na sili, na bei ya ngozi zote ikaanguka. Marufuku pana zaidi ya Ulaya ya mwaka 2009 iliwaachia Wainuit upenyo kwenye karatasi, na soko halikufufuka kwa sababu ya karatasi. Filamu ya Alethea Arnaquq-Baril ya mwaka 2016, Angry Inuk, inaonyesha kinaganaga familia zilivyopoteza pesa za mafuta ya chombo na za risasi, hivyo zikapoteza hata chakula. Marekani ilishafunga mlango kwa sheria ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini. Mpaka leo muuguzi akisafiri na buti zake hupanga njia isiyopitia viwanja vya ndege vya Marekani. Kumhurumia mnyama ni jambo jema, na aliyefikiria sheria hizi angeweza kuanza kwa kuwauliza wanaoishi naye.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyozaa sanaa ambayo dunia inaisifu. Kenojuak Ashevak wa Kinngait, ambaye picha yake ya bundi ya mwaka 1960 iliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970, alitoa chapa yake ya kwanza kutokana na umbo alilokuwa amelikata na kulishona kwenye mkoba wa ngozi ya sili. Kabla ya karatasi na wino alikuwa mshonaji. Bibi husema hivyo kila mara wageni wanaposifu picha za makumbusho mbele yake wakapita buti bila kuzitazama.

Sifa hizo zimevuta pia waigaji. Tangu 1958 kuna lebo yenye picha ya nyumba ya theluji inayothibitisha kwamba kazi imefanywa na Mwinuit, na tangu 2017 lebo hiyo iko chini ya wakfu wa sanaa unaoongozwa na Wainuit wenyewe. Ilihitajika kwa sababu maduka ya watalii yalikuwa na vinyago vya plastiki vilivyopewa sura ya jiwe. Nguo ni ngumu zaidi kuzilinda. Mwaka 2015 kampuni moja ya mitindo ya London ilitoa sweta yenye michoro ya vazi la mganga Ava, aliyewahi kukutana na mtafiti Knud Rasmussen katika msafara wa 1921 hadi 1924. Kitukuu wake, Salome Awa, aliitambua, akalalamika hadharani, na kampuni ikaomba radhi na kuiondoa sokoni. Vazi hilo lilikuwa kinga ya mtu mmoja, si pambo la kila mwenye pesa. Pauktuutit, chama cha kitaifa cha wanawake wa Kiinuit kilichoanzishwa mwaka 1984, kimepigania pia haki ya wanawake juu ya amauti, koti lenye mfuko mgongoni wa kubebea mtoto, ambalo makampuni ya nje yalianza kulitamani.

Kwa sababu hizo Bibi aliweka sharti mapema: muuguzi ajishonee na awashonee wanawe, asiuze. Muuguzi alikubali bila kuona kizuizi. Pale Lamu pia kuna ruwaza za kofia ambazo ukoo mmoja hauzigusi kwa kuheshimu ukoo mwingine. Akiulizwa na wafanyakazi wenzake mahali pa kupata buti kama zake huwapa namba ya mjukuu, na huwaonya kwamba bei haipunguzwi.

Bei ndiyo iliyoanzisha mazungumzo marefu kuliko yote. Jioni moja mama yake muuguzi alipiga simu ya video kutoka Lamu, na simu ikapita mkononi kwa Bibi. Baada ya salamu na kuulizana wajukuu, mama alitaka kuona buti kwa karibu. Aliomba ligeuzwe, akatafuta alama ya sindano upande wa nje, hakuiona, akamwita shangazi aje atazame. Kisha akauliza: dadangu, hii unauza kiasi gani? Bibi alitaja, na mjukuu akatafsiri. Mama akanyamaza, halafu akaeleza kwamba kofia moja nzuri humchukua wiki nyingi, mwenye duka humpa kiasi kidogo kisha humuuzia mgeni kwa mara kadhaa ya hiyo, na kofia za mashine kutoka nje zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa. Bibi alisikiliza yote. Akauliza kama jina la mshonaji limeandikwa popote kwenye kofia. Halikuwapo. Akaonyesha kamera upande wa ndani wa shingo ya buti, alikoshona herufi za jina lake kwa uzi mwekundu, na akasema mnunuzi akilijua jina hurudi kwa mwenye jina.

Mama alianza kudarizi jina lake ndani ya kila kofia. Mwenye duka alipouliza ni la nini, alimtajia bei mpya.